Mapambo ya Sikukuu kwa Pesa Kidogo na Adabu za Sherehe ya Ofisi: Tulikotoka Sisi wa Kitai

Huku Kitai Desemba haina utulivu. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita usiku na mchana, mvua imeshaanza, watu wako shambani wanapanda mahindi, na sisi mafundi tumezama kwenye sare za shule. Katikati ya hekaheka hiyo ndipo wateja wanapokuja na ombi la kila mwaka: "Mama, tuna sherehe ya ofisi, tunataka ukumbi upendeze, ila bajeti ni ndogo." Hakuna aliyewahi kuja akatuambia bajeti ni kubwa.

Kwa msioijua, Kitai ipo wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, pale inapochepuka njia ya Lituhi kuelekea Ziwa Nyasa. Wengi wanaijua kwa sababu ya gereza. Sisi ni wanawake watatu wenye vyerehani vinne, na kimoja kati ya hivyo kinafanya kazi kikipenda. Tulimaliza kidato cha nne, tukaenda kusomea ushonaji, na miaka ya karibuni tumeongeza kazi ya kupamba. Tukiwa kazini tunapenda kuwauliza wakubwa zetu zamani walipamba na nini na walikaaje kwenye shughuli. Waliyotuambia tumeyaweka pamoja na tuliyoyasoma, maana tunaona haya mambo yana historia yake na wengi wetu hatuijui. Tunadhani pambo la ofisini lilianza na umeme na maputo ya dukani.

Pambo la kwanza halikununuliwa. Shughuli yoyote, iwe ya kanisani, ya shule au ya harusi, ilitangazwa na migomba miwili iliyosimikwa pande mbili za njia, na matawi mabichi juu yake. Ninyi wa visiwani mnalo kuti la mnazi, mnajua jinsi mtu mmoja anavyoweza kulisuka lango zima kwa saa moja bila kutoa hata shilingi. Kusini huku hatuna minazi ya kutosha, kwa hiyo mgomba ndiyo nazi yetu.

Krismasi yenyewe kama tunavyoijua ililetwa sehemu hizi na wamisionari. Wabenedikti wa Kijerumani walifika Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakaanza Kigonsera, ambayo ni jirani yetu kabisa. Ng'ambo ya ziwa, Waanglikana walikuwa wameshafanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao. Wajerumani walikuja na desturi mbili za kwao. Moja ni hori, kile kibanda chenye Mtoto Yesu, ambacho kinahesabiwa kimeanza mwaka 1223 pale Fransisko wa Asizi alipokitengeneza kijijini Greccio, Italia. Tukumbuke kwamba hori la Fransisko halikuwa na kitu cha dhahabu. Lilikuwa na nyasi, ng'ombe na punda wa kweli. Desturi ya pili ni mti. Mti wa Krismasi ni wa Wajerumani tangu zamani, na Waingereza wengi walianza kuuiga baada ya picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiwa kando ya mti kuchapishwa gazetini mwaka 1848. Kwa hiyo hata wao waliigana.

Hapa kwetu mti wa Ulaya haukuwepo. Watu wakachukua waliokuwa nao. Nyanda za juu wanakata tawi la paini, pwani wanatumia mvinje, na kuna mti ambao Watanzania tumeupa kabisa jina la mkrismasi kwa sababu unawaka maua mekundu Desemba hiihii. Asili yake ni Madagaska. Sisi tunaona huo ndio mti wetu wa haki kuliko wowote, maana hauhitaji kuvalishwa kitu, umekuja umevaa. Lakini bado mtu anatuita ofisini tumwekee mti wa plastiki na tumwagie pamba ya hospitali juu yake iwe kama theluji. Theluji ya wapi, na nje mvua inanyesha na mahindi yanaota! Tumeifanya kazi hiyo mara kadhaa, hatujifichi, kwa sababu mteja ndiye anayelipa.

Baada ya majani kikaja kitambaa, na hapa mtuvumilie kidogo kwa sababu ndiyo taaluma yetu.

Kitambaa cha kiwandani kilichotapakaa kwanza bara kilipitia kwenu Zanzibar. Wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa na mkataba na Sultani Said tangu mwaka 1833, na pamba yao nyeupe isiyopakwa rangi ikapata jina la merikani, ikabebwa na misafara hadi maziwa makuu. Ilivaliwa, ikatumika kama fedha, ikazikiwa watu. Halafu wanawake wa pwani wakafanya jambo ambalo kila fundi anapaswa kulijua. Ilikuwa karne ya 19. Kulikuwa na vitambaa vya mkononi vyenye nakshi, vilivyoitwa leso kutokana na neno la Kireno, na viliuzwa vikiwa vimeungana kwenye jora. Wanawake wakanunua sita pamoja, wakavikata vitatu kwa vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu, wakapata vazi moja pana lenye nakshi ambalo hakuna duka lililokuwa nalo. Ndipo wenye viwanda wakaona soko lilipo na kuanza kuchapa kanga nzima. Maneno ya kanga yalikuja baadaye, na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuyaeneza.

Angalieni walichofanya wale mama. Walinunua kitu kidogo na hawakukiharibu. Walikiunga. Hiyo ndiyo kanuni tunayoitumia mpaka leo tukipamba: kitambaa cha pambo hakikatwi. Tunachukua doti za kanga au vitenge vizima, tunaviunga kwa mshono mrefu wa mkono unaofumuka kwa kuvuta uzi mmoja, tunavitundika nyuma ya meza kuu, na shughuli ikiisha tunafumua. Kila doti inarudi kuwa doti. Mwenye ofisi akitaka, zile doti zinakuwa zawadi za wafanyakazi, na hapo pambo na zawadi zimelipiwa mara moja. Kuna ofisi moja tulifanya hivyo wafanyakazi wakafurahi kuliko mwaka waliopewa keki.

Mama zetu walifika hapo kwa lazima. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikosa vitu, na wanatusimulia foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na kanga iliyopatikana kwa kujiandikisha kwenye duka la kijiji. Hali ilianza kulegea bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mitumba nayo ikafuata. Katika miaka ile ya dhiki, sikukuu ikifika kanga mpya zilitolewa sandukuni, zikatundikwa ukutani siku mbili, zikarudi sandukuni zikinukia. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma na meza ikavaa kitambaa cha kudarizi. Kazi hizo za sindano wengi walizipata kwa masista. Chipole, kusini mwa Songea, kuna shirika la masista Waafrika tangu 1938, na huku Ruvuma ukiona bibi anayedarizi ua bila kuchora kwanza, muulize alisoma wapi. Kitambaa kama hicho leo kikitandikwa kwenye meza ya ofisi, na chupa ya soda iliyooshwa ikatiwa maua matatu ya mkrismasi, meza imekamilika.

Wakaja watu wa kutengeneza maua ya mifuko ya rambo, na kwa kweli yalikuwa mazuri, ila tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ni marufuku bara. Ninyi Zanzibar mlitutangulia mwaka 2006. Sasa tunatumia karatasi za daftari lililokwisha, tunazichovya kwenye maji ya rangi ya chakula. Taa za kumetameta tumeanza kuzifaidi vizuri tangu Ruvuma ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Zinauzwa bei ndogo na zinakula umeme kidogo, ila tafadhali msichomeke nyaya sita kwenye soketi moja.

Tuje kwenye adabu, maana ukumbi unaweza kupendeza na watu wakauchafua.

Ukanda wa ziwa una ngoma inaitwa mganda. Ilitokana na Vita Kuu ya Kwanza, vijana walipoona gwaride la askari na bendi zao, wakalifanya ngoma. Kikundi cha mganda kina vyeo, kina sare, na mchezaji anakuja amenyoosha nguo pasi na viatu vinang'aa. Wanawake nao wana kioda, na wao pia wanavaa sare. Ngoma hizi zina ndugu zake hadi Zambia. Huko Luanshya, kwenye migodi ya shaba, mtafiti aitwaye Mitchell aliichunguza ngoma ya kalela na kuandika kitabu mwaka 1956. Katika kikundi alichokiona kulikuwa na mwanamke mmoja tu, kavaa nguo nyeupe kama nesi, na kazi yake ilikuwa kupita kwa wachezaji akiwa na kioo na leso, kila mmoja ajitazame na ajifute jasho. Sisi tulipolisikia hilo tulicheka, halafu tukasema kila sherehe ya ofisi ingeajiri mtu wa kioo. Saa tatu usiku apite meza kwa meza, watu wajione walivyo.

Vita hiyohiyo ina kisa kingine cha hapa ziwani. Kabla ya Agosti 1914, nahodha wa meli ya Waingereza, Rhoades, na nahodha wa meli ya Wajerumani, Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Vita ilipotangazwa, Rhoades alipata habari kwanza. Akaenda Liuli, ambako meli ya mwenzake ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, akaipiga mizinga. Yule Mjerumani hakuwa na habari ya vita. Alipiga makasia kumfuata akiwa na hasira, akimuuliza kama amelewa, na hapo hapo akakamatwa mateka. Tunawasimulia wasichana wanaoanza kazi kisa hiki. Aliyecheka na wewe kwenye glasi jana usiku, asubuhi ana bosi wake na ana amri zake.

Sherehe ya ofisi kwa wazee wetu ilikuwa ya ushirika. Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu 1936, kikiitwa NGOMAT kwa kifupi, na siku ya mkutano mkuu watu walikula. Waliotusimulia wanasema mwenye mchele alileta mchele, mwenye kuku alileta kuku, na kwa kuwa kila mmoja alijua kilichoingia chunguni, hakuna aliyejifungia sahani ya pili. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na kabla ya hapo Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeleta mashirika ya umma. Tukapata ofisi ambazo mwenye sherehe si mwenye pesa. Sisi tunafikiri israfu iliingilia hapo. Kadi zenye nembo, kalenda, chakula cha hotelini, yote kwa fungu ambalo halikutoka mfukoni mwa anayekula.

Mnakumbuka mwaka 2015. Rais Magufuli hakuwa na hata mwezi Ikulu. Tafrija ya wabunge baada ya kuzindua Bunge, iliyokuwa igharimu zaidi ya shilingi milioni 200, akaiteremsha hadi karibu milioni 25, na iliyobaki ikanunua vitanda vya Muhimbili. Kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa fedha za umma zikapigwa marufuku. Tarehe 9 Desemba, badala ya gwaride la Uhuru, tukashika mafagio, na shilingi bilioni 4 za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Wengi walishangilia. Sisi tulikuwa na maoni mawili kwa wakati mmoja. Vitanda ni vitanda, na aliyelala chini Muhimbili hawezi kuambiwa pambo ni muhimu. Lakini na sisi ni watu. Mwaka ule ofisi zilizokuwa zimetuahidi kazi zilifunga milango kabisa, hata zile ambazo zingeweza kufanya kitu kidogo kwa vitambaa vyao wenyewe. Waliogopa. Kuogopa si sawa na kubana matumizi, na maduka ya vitambaa yaliliona hilo.

Sasa tukiri kosa letu wenyewe. Tulipamba sherehe ya ofisi moja, hatutaitaja, tukiwa tumelipwa nusu. Nusu ya pili tuliahidiwa siku ya shughuli. Siku ikafika, tukaona nyama inachomwa, bia zinafunguliwa, mwenye hundi anatukwepa. Mmoja wetu, na wote watatu tulimsukuma, akanyanyuka wakati wa neno la shukrani, akashika kipaza sauti, akashukuru kwa kukaribishwa, kisha akasoma deni letu mbele ya wageni wote, na tarehe tuliyoandikiana. Ukumbi ukanyamaza. Tulilipwa usiku uleule, noti kwa noti. Na kwa miaka miwili hakuna ofisi iliyotuita. Deni lilikuwa halali, kila mtu alijua, ila tulimwaibisha mtu mbele ya wakwe zake wa kazini, na huku kwetu jambo hilo halisahauliki. Tangu hapo tunaandikiana, tunalipwa kabla hatujatundika kitambaa cha mwisho, na kipaza sauti hatukigusi.

Katika sherehe hiyohiyo tuliona jambo lingine ambalo kwa muda mrefu tulilinyamazia. Binti mmoja wa mkataba, tuliyemshonea gauni sisi, aliitwa na mkubwa wake kucheza mara ya kwanza, akaenda kwa heshima. Mara ya pili akaenda. Mara ya tatu alishikwa kiuno akakataa, akaja kukaa kwetu nyuma ya pazia akijifanya anatusaidia pini. Tulimpa pini. Hatukumuuliza kitu. Machi mkataba wake haukuendelea, na mtaani zikatoka hadithi kwamba gauni lilikuwa linabana. Gauni tulilikata sisi. Halikubana, na hata lingebana!

Tunaliandika hili kwa sababu maandishi mengi ya adabu za sherehe za ofisi yanamwambia mwanamke tu: vaa hivi, kaa hivi, usinywe, ondoka mapema. Na sisi tunayasema, maana dunia tunaijua. Kunywa maji kabla ya chochote, nenda na mwenzako mrudi pamoja, mwenye bodaboda awe unayemfahamu, na kama shikamoo ya asubuhi kwa bosi ni ya lazima basi na usiku bado ni bosi, usimzoee. Simu za kupiga picha watu waliolewa ziwekwe mkobani. Lakini kuna upande wa pili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamkataza mwenye madaraka kudai ngono kama sharti la kazi au upendeleo. TAKUKURU wanapokea malalamiko hayo. Binti yule hakujua, na sisi tuliokuwa na pini mkononi hatukujua pia. Siku hizi tukipima gauni la sherehe ya ofisi, tunalisema hilo huku tumeshika futi, na mteja hawezi kuondoka kwa sababu tumemzungushia kiunoni.

Limebaki la pesa ya nyumbani. Wengi wetu wanawake Desemba yetu inaletwa na kikoba, siku ya kuvunja. Wapendwa wa visiwani, hili mjivunie, kwani mfumo huu wa wanawake kuweka na kukopeshana ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na ulipoingia Tanzania mwaka 2000 ulianzia kwenu, kwenye vijiji vya Jozani, Unguja. Huku kwetu kahawa ya Wamatengo inavunwa katikati ya mwaka, pesa yake Desemba imeshageuka mbolea. Kikoba ndicho kinachobaki. Na ndicho ofisi inachokilenga ikipitisha daftari la mchango wa sherehe: elfu ishirini, elfu thelathini, sare ya kitenge juu yake. Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali imeondolewa, lakini sare, viatu na madaftari havijaondolewa. Tumeona mama aliyeshona kitenge cha sherehe kwetu Desemba, Januari akaja kukopa sketi ya mtoto.

Kwa hiyo mwaka huu ofisi mbili zilizotuita tumezipa sharti moja. Wasichangishe pesa ya mapambo. Kila mfanyakazi alete doti moja aliyonayo sandukuni, tuiunge, aichukue baada ya shughuli. Mmoja ameahidi migomba, mwingine ana bibi mwenye vitambaa vya kudarizi kumi na viwili. Meneja mmoja aliona ni aibu, akasema wageni kutoka Songea watatucheka. Tukamwonyesha kwenye simu picha ya ukumbi tuliopamba hivyo mwaka jana, akakaa kimya, kisha akauliza kama kanga za mke wake zitarudi bila tundu la pini. Zitarudi, tunatumia uzi.

Tuna sare arobaini na tatu ambazo hazijawekwa vifungo. Maua ya mkrismasi tutayachuma tarehe 24 asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, kwa sababu yakichumwa jana yake yananyauka kabla wageni hawajaketi.